Kukaa Bure na Kukalishwa Bure

Somo letu la leo ni la neno moja tu, nalo si neno gumu. Mtoto wa miaka mitatu analijua. Hata hivyo nimeona kwamba tusipolishika vizuri, neno hili hutufanya tuseme uongo juu ya jirani bila kukusudia. Kwa hiyo yafaa tuliweke mezani, tulitazame mbele na nyuma, kama fundi anavyoutazama msumeno wake kabla ya kukata ubao.

Neno lenyewe ni kukaa bure. Katika vilima vya Masisi na katika misitu ya Walikale halipiti jua moja bila kusikika. Mama aliyerudi shambani na kikapu mgongoni humwambia kijana wake, "Wewe unakaa bure tangu asubuhi." Baba mkwe hulitumia anapoulizia habari za kijana aliyekuja kuposa. Msafiri akipita kijijini, akiona wanaume watano wameketi chini ya ukuta, husema moyoni, "Watu wa hapa wanakaa bure," kisha huenda zake, naye hajui majina yao wala hajauliza neno. Tazameni basi: ni hukumu, lakini hutamkwa kwa wepesi wa salamu.

Mimi mwenyewe nilianza kulifikiri neno hili kwa sababu ya kosa langu. Mwaka 2024 nilikuwa nikifundisha watoto nyakati za vitenzi, upande wa Goma. Darasani walikuwamo watoto wa pale pamoja na watoto waliokimbia vita kutoka vijiji vya Masisi. Nikaandika ubaoni sentensi ya kugeuzwa kutoka wakati uliopo kwenda wakati uliopita: "Wakimbizi wanakaa bure kambini." Sikuwaza ubaya wowote, nilitaka tu kitenzi chepesi. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akasimama bila kuinua mkono, akasema, "Mwalimu, mama hakai bure. Walimukalisha." Wenzake wakacheka, wakidhani amekosa sarufi. Mimi sikucheka. Nilitambua kwamba mtoto yule ameijua sarufi kuliko mimi niliyeshika chaki.

Tuone sasa jinsi alivyokuwa na haki.

Shina la neno

Kaa ni miongoni mwa vitenzi vikongwe vya lugha zetu za Kibantu. Mnyarwanda husema kwicara. Kiswahili cha Kongo mara nyingi husema kuikala, ndiyo sababu utamsikia mtu wa Kivu akisema, "Tunaikala Masisi." Kiswahili cha pwani kiliidondosha ile l, na kala ikawa kaa. Lakini l haikufa, ilijificha tu. Ukikinyambua kitenzi, hurudi mara moja: kalia, kalisha, kaliwa. Ndivyo ilivyo pia kwa zaa na zaliwa, kwa twaa na twaliwa. Wanafunzi hupenda sana kuona herufi inayofufuka namna hii. Mwalimu asikose kuwaonyesha.

Maana ya kaa ni nyingi. Mtu akaa kitini, yaani ameketi. Mtu akaa Nyabiondo au Pinga, yaani ndiko kwao, ndiko anakolala na kupika. Kitu kikaa, yaani chadumu: "Jembe hili limekaa sana." Nguo humkaa mtu vizuri au vibaya. Kutoka katika shina hili tumepata makao na makazi, tumepata mkaaji, tumepata kikao. Hapo kwenye kikao natamani tukae kidogo. Wazee wakikutana kusikiliza kesi ya mpaka wa shamba, huketi tangu umande haujakauka mpaka jua la jioni. Hawakuinua jembe wala panga. Je, wamekaa bure? Hasha. Kama kesi ile isingeamuliwa, huenda watu wangalitoana damu. Nchini mwetu tunajua jinsi shamba moja linavyoweza kuzaa makaburi mengi. Basi mwenye kukaa anaweza kuwa katika kazi nzito kuliko mwenye kusimama.

Yaonekana wazi kwamba uvivu haumo ndani ya kitenzi kaa. Ukiutafuta humo hutauona. Umeletwa na lile neno dogo linalofuata nyuma.

Neno bure

Bure lina nyuso mbili, na nyuso hizo hazifanani hata kidogo. Uso wa kwanza ni kupata au kutoa kitu pasipo malipo. Uso wa pili ni kufanya jambo pasipo faida wala sababu: "Nimeenda sokoni bure, hapakuwa na chumvi." Mwaka 2019, mwezi wa Septemba, serikali ya Kongo ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, jambo lililokuwa limeandikwa katika ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2006. Watu wakaiita mara moja "masomo ya bure." Mzee mmoja akaniuliza kwa utani, "Ni ya bure kwa maana gani, mwalimu, ile ya kwanza au ile ya pili?" Nilicheka, lakini madarasa yalipojaa watoto mia na zaidi mbele ya mwalimu mmoja niliona kwamba utani wake ulikuwa na miiba.

Walimu wa dini wanazijua nyuso hizi mbili vizuri. Katika amri ya pili twafundishwa tusilitaje jina la Mungu bure: huo ndio uso wa pili. Katika somo la neema twafundishwa kwamba neema hutolewa bure: huo ni uso wa kwanza, na ndio mzuri kupita yote. Katekista wa kijijini naye hufundisha bure, kwa uso wa kwanza. Ole wake atakayesema kwamba hufundisha bure kwa uso wa pili!

Kwa hiyo sentensi kama hii, "Kijana huyu anakaa bure kwa mjomba wake mjini," ina maana mbili kamili. Labda kijana halipi kodi ya chumba. Labda hafanyi kazi yoyote. Inawezekana kabisa kwamba halipi kodi, naye anafanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku, akichota maji, akisukuma chukudu na kulea watoto wa nyumba ile. Msemaji ajue anachosema, na msikilizaji aulize.

Majirani wa neno hili

Kiswahili hakina umaskini wa maneno katika jambo hili. Labda wahenga waliliona mara nyingi. Anayezurura miguu yake haitulii. Huenda huku na huku pasipo shabaha, leo kwenye kituo cha pikipiki, kesho kwenye mlango wa duka la vocha. Anayezubaa miguu imetulia lakini macho na akili vimekwama. Ukimwita mara tatu ndipo huitika. Anayezembea ni mtu aliyekabidhiwa kazi akaiacha iharibike mikononi mwake. Huwezi kumwita mzembe mtu asiyepewa kazi. Anayetegea huwaachia wenzake mzigo, naye yupo palepale kundini, akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Tofauti hizi zina faida kubwa kwa mwalimu na kwa mzazi. Mtoto anayezubaa pengine ana njaa au malaria. Ukimwadhibu kama mzembe, umempiga mgonjwa.

Kubarizi ni jambo jingine kabisa. Kubarizi ni kuketi barazani, au barza kama tunavyosema sisi watu wa Kivu, kwa mazungumzo na ujirani. Huko watoto husikia hadithi, posa hutengenezwa, habari za njia salama na njia mbaya hupitishwa. Watu wa pwani wamelifanya jambo hili kuwa adabu yenye saa zake. Nadhani sisi wa bara tuna haki ya kulitumia neno hili zaidi ya tunavyolitumia.

Kuna pia kushinda, neno ninalolipenda kuliko yote. Lina maana ya kumweza adui au mchezaji mwenzako, na lina maana ya kuwa mahali tangu asubuhi mpaka jioni. "Alishinda shambani." "Walishinda njaa." Watu wa pwani husalimiana jioni, "Umeshindaje?" Mtu wa kawaida haoni uhusiano kati ya maana hizo mbili. Lakini mwulize mjane wa Walikale aliyeshinda siku nzima mlangoni akiwa na watoto wanne na mafungu mawili tu ya sombe, jioni ikafika na wote wangali hai. Yeye ataona uhusiano.

Mwisho katika majirani hawa yuko kupumzika, nalo si jirani wa kweli, ila watu hulichanganya. Kupumzika limetoka katika pumzi. Mwenye kupumzika anairudisha pumzi yake. Jambo la ajabu ni kwamba katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, panaposemwa juu ya siku ya saba, Kiebrania kimetumia kitenzi cha namna hiyohiyo, kilichotokana na neno la pumzi na nafsi. Basi Mswahili na Mwebrania walikutana bila kujuana. Nacho Kifaransa, tunachokisikia kila siku ofisini, kina kitenzi chômer. Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya joto kali: wachungaji na wakulima waliacha kazi saa ya jua la utosini, wakakaa kivulini. Baadaye kitenzi hicho kikatumika kwa kuacha kazi siku ya sikukuu. Leo kina maana ya kukosa kazi, na chômeur limekuwa neno la huzuni katika miji yetu. Neno lililoanza kivulini, likapita kanisani, limeishia kwenye foleni ya watu wasio na ajira. Maneno nayo yana safari zao.

"Niko tu"

Ukimsalimu mtu wa kwetu aliyeketi, ukamwuliza, "Uko unafanya nini, baba?" mara nyingi atakujibu, "Niko tu." Wageni huyafasiri maneno haya kuwa "Sifanyi kitu," nao huyaandika hivyo katika daftari zao. Tafsiri hiyo ni nyembamba mno. "Niko tu" hulinda heshima ya mwenye kuulizwa. Hasemi kwamba anafanya kazi, maana atakuwa anasema uongo. Hasemi kwamba anakaa bure, maana atakuwa anajishitaki. Anasema kwamba yupo, kwamba bado yupo, na kwamba mengine hayamhusu muulizaji wa njiani.

Nimeyasikia maneno hayo zaidi katika kambi za wakimbizi wa ndani zilizokuwa kando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala. Mwanzoni mwa mwaka 2024 vita vilipokaribia Sake, watu wengi wa Masisi walikimbilia huko. Wengi wao walikuwa wakulima wa viazi, maharagi na mahindi, au wachunga ng'ombe wa vilima vile vyenye majani mazuri, kunakotoka jibini inayouzwa Goma. Ajuaye ardhi ya Goma anaelewa. Chini ni mawe meusi ya volkano; jembe likigusa hulia na kuruka. Mwanamume mmoja alikuwa amebeba jembe lake kutoka kwao. Alilitundika kwenye kijiti cha hema, na sikumwona akilishusha hata mara moja. Alishinda akilitazama. "Niko tu, mwalimu," aliniambia. Je, huyo alikaa bure? Au alikuwa na kazi moja, yaani kungoja, kazi isiyo na mshahara wala Jumapili? Mwaka 2025, baada ya Goma kutekwa mwishoni mwa Januari, kambi zile zilivunjwa na watu wakatakiwa kuondoka kwa muda mfupi. Wengine walirudi wakakuta nyumba hazina mabati.

Hapa ndipo sarufi ya yule msichana inapotufaa. Kaa ni kitenzi cha kutenda: mwenye kukaa ameamua. Kalisha ni cha kutendesha: mtu fulani amemfanya mwingine akae. Kalishwa ni cha kutendeshwa: aliyeketi hakuamua yeye. Kati ya "anakaa bure" na "amekalishwa bure" pana silabi chache tu, lakini katika silabi hizo kosa limetoka mgongoni mwa mtu mmoja likaenda kutafuta mgongo mwingine. Tena lugha ina adabu hata hapo: umbo la kalishwa halikulazimishi kumtaja aliyekalisha, ila linakulazimisha kukiri kwamba yupo.

Liko na umbo la tatu, kalia. Ni kukaa juu ya kitu. Mtu akalia mkeka, hakuna neno. Lakini mtu akalia mshahara wa mwalimu miezi minane. Mtu akalia shamba la yatima. Mtu akalia njia kwa kizuizi cha kamba na mti, akidai fedha kwa kila mama anayepita na mzigo. Huyo hakai bure hata kidogo! Ana kazi nyingi, tena ya jasho. Lakini ni kwa sababu ya kukalia kwake kwamba wengine wamekalishwa.

Neno likiwa mikononi mwa wakubwa

Wakubwa wa dunia wameyapenda maneno haya tangu zamani, kwa maana yanafaa sana katika kuwaamrisha watu. Wakati wa Kongo ya Mfalme Leopold, amri ya tarehe 23 Mei 1896 ilihusu uzururaji na uombaji. Baadaye, chini ya Ubelgiji, amri ya mwaka 1917 ilileta mashamba ya lazima. Mwaka 1933 siku za kazi hiyo ziliwekwa kuwa si zaidi ya 60 kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita kuu, zikaongezwa mpaka 120. Mtu aliyelima muhogo wake, akatega mitego, akatengeneza nyumba na kuketi barzani jioni alihesabiwa kuwa anakaa bure, kwa sababu kazi yake haikuandikwa katika kitabu cha bwana. Hapo bure lilikuwa na maana moja tu: pasipo faida kwa yule anayehesabu.

Ndugu zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda walirithi sheria za Kiingereza juu ya wazururaji, na hata baada ya Uhuru sheria hizo ziliendelea. Tanzania mwaka 1983 ilitunga sheria ya Nguvu Kazi, na katika miji watu wasioonekana kuwa na kazi walikusanywa na kupelekwa mashambani. Sikatai kwamba viongozi walikuwa na nia ya kukuza mazao. Lakini askari wa mjini hawezi kuona kwa macho kama mtu anayetembea saa nne asubuhi anazurura au anatafuta kazi. Miguu ya wote wawili hutembea sawasawa. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo za kuwakamata watu kwa uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika. Na Uganda, mwezi wa Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu viwili juu ya wazururaji. Ilichukua miaka mingi kuitambua tofauti ya kuzurura na kutafuta.

Mfano wa Walikale uko karibu nasi zaidi. Tangu mwaka 2002 hivi, mlima wa Bisie uliwavuta watu wengi kwa madini ya bati. Wachimbaji waliingia mashimoni. Wabebaji walibeba mifuko mgongoni wakipita msituni kwenda kwenye barabara ya Njingala. Wanawake waliuza chakula, wenye pikipiki walisafirisha. Mwezi wa Septemba 2010 Rais Joseph Kabila aliamuru uchimbaji usimame Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, akitaka kuwanyima fedha wenye silaha. Amri ilidumu hadi Machi 2011. Sababu yake ilikuwa ya kweli, maana wenye silaha walikuwa wakinyonya mlima ule. Lakini kwa miezi sita mwanamume aliyekuwa amezoea kubeba kilo 50 aliketi mbele ya nyumba, na mkewe akamwambia yale maneno mawili. Ugomvi ukaingia katika nyumba nyingi. Na katika msimu kama huo, mwenye bunduki hupita kijijini akimwambia kijana, "Unakaa bure kwa nini? Njoo." Nawasihi walimu walifikiri hili. Tunapomtupia kijana neno hili kila siku, tunamfundisha kumkubali wa kwanza atakayemwondolea jina hilo, hata kama kitu anachompa mkononi ni bunduki.

Wafanyakazi wa saa ya kumi na moja

Wakatekumeni wote wanaujua mfano wa shamba la mizabibu, katika Injili ya Mathayo, sura ya 20. Mwenye shamba alitoka mapema, akatoka tena saa ya tatu, ya sita na ya tisa. Alipotoka saa ya kumi na moja, akawakuta wengine wamesimama, akawauliza sababu ya kuwa pale kutwa nzima bila kazi. Neno la Kigiriki lililotumika pale ni argos, maana yake asiye na kazi, pasipo tusi ndani yake. Nao wakajibu kwamba hakuna aliyewaajiri.

Ninawaomba walimu wasipite haraka hapa. Mara nyingi tunakimbilia mwisho, kwenye dinari na manung'uniko ya wale wa asubuhi. Lakini kwanza palikuwa na swali na jibu. Swali lile lingeweza kuwa la kukemea, kama la kwetu la kila siku. Mwenye shamba hakuwakatiza. Hakusema kwamba wangekuwa na bidii wangeonekana asubuhi. Alilipokea jibu lao jinsi lilivyo, akawatuma shambani. Yaani alikubali kwamba hawakukaa bure; walikalishwa na soko la kazi lisilowaita. Na kusimama sokoni mpaka saa ya kumi na moja bila kuondoka, baada ya watu wote kuchukuliwa, hakika ni kazi ya moyo.

Sitaki, hata hivyo, mtu atoke katika somo hili akidhani kwamba uvivu haupo. Upo, nao umetajwa katika vilema vikuu saba. Ila walimu wa zamani waliufahamu kwa namna inayotushangaza. Evagri wa Ponto, aliyekaa jangwani Misri katika karne ya nne, alieleza jinsi uchovu wa roho unavyomjia mtawa saa ya mchana: hutazama jua kama limesogea, hutoka nje kuchungulia, huwaza kwamba mahali pengine ni bora. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alisema kilema hicho ni huzuni juu ya jema la Mungu lenyewe, na katika matunda yake akataja kutangatanga kwa akili. Maana yake mtu anaweza kuwa na shughuli kutwa, simu sikioni, pikipiki ikiwaka, naye rohoni anazurura. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wathesalonike mara ya pili, katika sura ya 3, aliwakemea watu wasiofanya kazi ila kujishughulisha na mambo ya wengine. Hakuwa akisema juu ya wasiopata kazi. Alisema juu ya wasiotaka.

Wamonaki wa Mokoto, waliofika katika vilima vya Masisi mwaka 1954, wanafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Sura ya 48 ya Kanuni hiyo inagawa siku katika saa za kazi ya mikono na saa za kusoma. Atakayemwona mmonaki ameketi na kitabu, jembe liko ukutani, atasema nini? Tangu zamani wakulima wa jirani walimwona hivyo, na sikusikia kwamba walimwita mzururaji. Waliijua ratiba yake. Nadhani tofauti yote iko hapo: tunamhukumu upesi yule ambaye hatujui ratiba yake.

Zoezi

Mwalimu aandike ubaoni sentensi zifuatazo, na wanafunzi waseme katika kila moja kama yafaa kaa, kalishwa au kalia, au jirani mwingine wa neno hili, nao waeleze kwa nini. Ya kwanza: Mwalimu wa darasa la pili hakulipwa miezi minane, leo hakuja shuleni, ameketi nyumbani. Ya pili: Kijana amepewa mbuzi kumi awachunge, wameingia shambani kwa jirani naye akicheza karata. Ya tatu: Bibi ameketi mlangoni tangu asubuhi, wajukuu watatu wamelala mapajani pake. Ya nne: Wanaume sita wameketi kando ya barabara ya Walikale, daraja limevunjika, na upande wa pili pana kizuizi.

Sentensi ya nne ina majibu zaidi ya moja. Mwalimu asiharakishe kuisahihisha. Awaache wanafunzi waulizane kwanza daraja lilivunjika lini, na nani aliyeweka kizuizi, na kama wanaume wale wana mbao na misumari.